Kuvuta Trela ya Farasi Katika Foleni za Nairobi: Somo kwa Madereva

Jumapili ya mbio katika uwanja wa Ngong Racecourse, wanaopita Ngong Road huona gari ambalo siku nyingine halionekani sana: pikapu inayovuta trela fupi yenye kidirisha, na nyuma ya kidirisha hicho masikio mawili yamesimama. Nyuma ya trela, matatu inapiga honi. Mbele ya pikapu, bodaboda imekatiza ghafla. Dereva anakanyaga breki. Ndani ya trela, mnyama wa kilo 450 hana mkanda wa usalama, haoni barabara, na hajui ni kwa nini sakafu imesogea chini ya miguu yake.

Yanayofuata katika sekunde mbili au tatu hutegemea mambo ambayo dereva huyo aliyafanya, au hakuyafanya, kabla ya kufika hapo. Somo hili linayaeleza mambo hayo hatua kwa hatua. Limeandikwa kwa ajili ya anayevuta trela ya farasi, lakini linamfaa pia mfugaji anayepeleka ng'ombe kwenye maonyesho ya kilimo ya Jamhuri Park. Sehemu ya mwisho inamhusu kila dereva anayejikuta nyuma au kando ya trela kama hiyo.

Farasi wa jijini

Nairobi imekuwa na mbio za farasi tangu miaka yake ya mwanzo. Uwanja wa zamani ulikuwa upande wa mashariki wa mji, na jina la Racecourse Road, karibu na Kariokor, ni kumbukumbu yake. Mwaka 1954 mbio zilihamia Ngong Road, katika uwanja unaosimamiwa na Jockey Club of Kenya. Kwa sababu hiyo, farasi wengi wa jiji sasa wako upande wa magharibi: Karen, Lang'ata na maeneo yaliyo kandokando ya msitu wa Ngong. Wengine huletwa kutoka nje ya kaunti kwa ajili ya mbio, mashindano ya kuruka viunzi au maonyesho. Polisi nao wana kikosi cha wapanda farasi, ambacho huonekana kwenye sherehe za kitaifa.

Farasi hawa wote hutumia barabara zilezile zinazotumiwa na matatu, bodaboda, malori ya mchanga na mikokoteni. Hawana njia yao pekee. Usalama wao uko mikononi mwa dereva anayewavuta na wa wale wanaomzunguka.

Mzigo wenye miguu

Jambo la kwanza la kuelewa ni uzito. Trela ya kubeba farasi wawili, ikiwa tupu, huwa na uzito wa takriban kilo 900. Ukiongeza farasi wawili wa kilo 450 kila mmoja, jumla inafika kilo 1,800. Huo ni uzito unaokaribia ule wa pikapu yenyewe. Kwa hiyo dereva anaposimama, hasimamishi gari lake tu. Anasimamisha kitu cha pili, kizito karibu sawa na gari, kinachomsukuma kwa nyuma.

Jambo la pili ni kwamba mzigo huu una uhai. Mifuko ya saruji ikifungwa vizuri hukaa ilipowekwa. Farasi husimama kwa miguu minne na kusawazisha mwili wake muda wote wa safari. Gari likikata kona, huegemea upande mmoja. Likifunga breki, kifua chake hugonga chuma cha mbele. Uzito wake mwingi uko juu, kifuani na mgongoni, wala si karibu na sakafu. Akipoteza mwelekeo, trela nzima huyumba naye.

Jambo la tatu ni urefu. Pikapu na trela ya farasi wawili kwa pamoja hufikia takriban mita 10, karibu urefu wa basi. Dereva aliyezoea kupenya foleni kwa gari dogo hana budi kusahau mazoea hayo.

Kabla ya kuwasha gari

Ukaguzi hufanywa trela ikiwa tupu na ikiwa imeegeshwa mahali tambarare. Dereva anashauriwa kufuata utaratibu mmoja kila safari, ili asisahau kitu.

Kwanza ni nyaraka. Trela nchini Kenya husajiliwa kivyake na huwa na nambari yake inayoanza na herufi Z. Dereva ahakikishe kwamba daraja la leseni yake linamruhusu kuvuta trela ya uzito huo. Kama ana shaka, aulize katika ofisi za Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, NTSA. Asome pia bima yake, kwani bima ya gari si lazima iwe inagharamia trela na mnyama aliye ndani. Kuhusu kibali cha kumhamisha mnyama kutoka kaunti moja hadi nyingine, wa kuulizwa ni afisa wa mifugo wa eneo hilo kabla ya siku ya safari.

Pili ni kiungio kati ya gari na trela. Kikombe cha trela kifunike kabisa kichwa cha chuma kilicho nyuma ya gari, na kitasa chake kijifunge. Njia rahisi ya kuhakikisha ni kuinua mbele ya trela kwa jeki yake ndogo: ikiwa nyuma ya gari inainuka pamoja nayo, kiungio kimeshika. Minyororo ya usalama ifungwe kwa kupishana chini ya kiungio. Trela nyingi pia zina waya mwembamba wa dharura. Waya huo hufunga breki za trela iwapo itachomoka, kwa hiyo hauna maana ukiachwa unaning'inia.

Tatu ni magurudumu. Trela ya farasi hukaa wiki nyingi bila kutumika, na mipira yake huzeeka ikiwa bado inaonekana mipya. Mipasuko midogo pembeni ya mpira ni dalili kwamba haufai tena. Upepo upimwe, na gurudumu la akiba la trela liwepo. Gurudumu la akiba la pikapu mara nyingi haliingii kwenye trela. Dereva abebe pia jeki inayoweza kuinua trela yenye mzigo, spana inayoingia kwenye nati za trela, na pembe tatu mbili za kuakisi mwanga.

Nne ni sakafu. Hili husahaulika kuliko yote. Sakafu ya mbao hulowa mkojo, na huoza kuanzia chini. Mkeka wa mpira uondolewe, na mbao zidungwe kwa bisibisi. Bisibisi ikizama kwenye mbao, trela hiyo haipaswi kubeba mnyama. Mguu wa farasi ukipenya sakafu trela ikiwa mwendoni, matokeo yake hayaelezeki mbele ya watoto.

Tano ni taa. Saisi au mtu mwingine asimame nyuma huku dereva akijaribu breki, indiketa zote mbili, na taa za usiku. Trela isiyo na taa ya breki huwaficha walio nyuma kile ambacho gari la mbele linafanya.

Kumpakia farasi

Trela iunganishwe na gari kabla farasi hajaingia, na isitenganishwe kabla hajatoka. Trela iliyo peke yake inaweza kuinuka upande mmoja mnyama anapokanyaga.

Farasi akiwa mmoja katika trela ya wawili, apewe upande wa kulia, yaani upande wa dereva. Kenya tunaendesha upande wa kushoto, na barabara zetu huinama kuelekea kando ili maji ya mvua yatiririke. Uzito ukiwekwa kushoto, trela huvutwa zaidi kuelekea mtaroni. Wakiwa wawili, aliye mzito zaidi akae kulia.

Chuma au mnyororo wa nyuma ufungwe kabla ya kufunga kamba ya kichwa. Wakati wa kushusha, mpangilio ni kinyume: kamba ya kichwa ifunguliwe kwanza, kisha cha nyuma. Farasi aliyefungwa kichwa huku nyuma kuko wazi anaweza kurudi kwa nguvu, akajikuta amenasa, na hofu yake ikamuumiza yeye pamoja na anayemshika. Kamba ifungwe kwa fundo linalofunguka kwa kuvutwa mara moja, tena ipitishwe kwenye kitanzi cha uzi wa katani utakaokatika mnyama akianguka.

Hakuna mtu anayepaswa kusafiri ndani ya trela pamoja na farasi, awe saisi, mtoto au mwenye mnyama. Farasi mwenye hofu humbana binadamu ukutani bila kukusudia.

Kuchagua njia na saa

Kilomita iliyo salama zaidi katikati ya jiji ni ile ambayo trela haikuipita. Anayetoka Naivasha au Limuru kuelekea Karen au Ngong Racecourse hana haja ya kushuka Waiyaki Way hadi Uhuru Highway. Southern Bypass huanzia upande wa Kikuyu, ikapita karibu na msitu wa Ngong, ikafika Lang'ata Road na hatimaye Mombasa Road. Anayetoka upande wa Mombasa Road hutumia barabara hiyohiyo kwa kuelekea magharibi. Hata hivyo barabara hiyo ina malori mengi makubwa, na upepo wa lori linalopita kwa kasi huisukuma trela. Dereva akae njia ya kushoto, mikono yote miwili kwenye usukani.

Ikiwa ni lazima kupita mjini, kwa mfano kupeleka farasi kwenye gwaride, saa ndiyo kila kitu. Foleni ya asubuhi huanza kujaa saa kumi na mbili na hulegea baada ya saa tatu. Ya jioni huanza saa kumi na huweza kuendelea hadi saa mbili usiku. Anayetoka Karen kwa Ngong Road atakutana na Dagoretti Corner, kisha Adams Arcade na Prestige, kabla hajafika Upper Hill na kushuka Haile Selassie Avenue. Kila mojawapo ni mahali pa kusimama na kuanza tena, na kila kusimama ni kazi kwa miguu ya farasi. Asubuhi na mapema ya Jumapili safari hiyohiyo huwa nyepesi zaidi.

Majira nayo yana neno lake. Mvua za Machi hadi Mei na zile za Oktoba hadi Desemba hufanya lami iteleze, hasa mvua ya kwanza inapochanganyika na mafuta yaliyomwagika barabarani. Maonyesho ya kimataifa ya biashara ya Jamhuri Park, yanayoandaliwa na Agricultural Society of Kenya, kwa kawaida hufanyika mwishoni mwa Septemba na mwanzoni mwa Oktoba. Wanaopeleka wanyama huko wafike kabla milango haijafunguliwa kwa umma.

Ndani ya foleni

Mwendo wa juu unaoruhusiwa mjini ni kilomita 50 kwa saa. Kwa mwendo huo gari husafiri takriban mita 14 kila sekunde. Dereva wa gari dogo huambiwa aache nafasi ya sekunde mbili mbele yake. Anayevuta farasi anahitaji angalau sekunde nne, yaani takriban mita 56. Njia ya kupima ni kuchagua mlingoti wa taa: gari la mbele likiupita, dereva ahesabu polepole mia na moja, mia na mbili, mia na tatu, mia na nne. Akiufikia mlingoti kabla hajamaliza, yuko karibu mno.

Kila dereva wa Nairobi anajua tatizo linalofuata. Nafasi hiyo ikiachwa, matatu itaiingia. Kisha teksi. Kisha bodaboda tatu. Jibu la somo hili ni moja: waache waingie, kisha ulegeze mwendo na uitengeneze nafasi upya. Kuilinda nafasi kwa kubana gari la mbele ni kuipoteza kabisa. Magari kumi yakiingia mbele ya trela katika safari nzima, dereva atachelewa kwa dakika chache. Breki moja ya ghafla inaweza kumvunja farasi mguu, na farasi aliyevunjika mguu mara nyingi haponi.

Breki zianze mapema na kwa wepesi. Dereva atazame magari matatu au manne mbele, asitazame taa za gari lililo mbele yake tu. Akiona matatu inapunguza mwendo karibu na steji, aanze kulegeza mguu kabla haijawasha indiketa, kwa sababu huenda isiwashe kabisa. Kuondoka nako kuwe kwa taratibu, kwani farasi huanguka nyuma kwa urahisi uleule anaoanguka mbele.

Matuta yapitwe polepole mara mbili: magurudumu ya gari kwanza, kisha ya trela. Wengi huongeza mwendo gari likishapita tuta, na trela ikalirukia.

Foleni ikisimama muda mrefu jua likiwa kali, trela hugeuka tanuri. Madirisha na vitundu vya hewa viwe wazi tangu mwanzo wa safari. Farasi akianza kutoa jasho na kupiga mateke, dereva atafute mahali salama nje ya barabara, kama kituo cha mafuta chenye nafasi, ampe maji na amwache apumue. Asifungue mlango wa trela katikati ya foleni kwa sababu yoyote ya kawaida.

Kona na mizunguko

Trela haifuati njia ya magurudumu ya gari. Hukata kona kwa ndani. Dereva anayekata kushoto akifuata ukingo, gurudumu la trela litapanda ukingo huo, au litampata mwenda kwa miguu aliyesimama hapo. Asogee mbele kidogo zaidi kuliko alivyozoea ndipo akate, huku jicho likiwa kwenye kioo cha kushoto. Hapo ndipo bodaboda hupenya, katika nafasi inayoonekana pana sekunde hii na kufungwa sekunde inayofuata. Indiketa iwashwe mapema sana, na kioo kitazamwe mara mbili.

Kwenye mzunguko, mwendo upunguzwe kabla ya kuingia, si ukiwa ndani. Dereva achague njia yake mapema na aishike. Asiongeze mwendo kabla trela haijanyooka. Farasi anayesukumwa upande mmoja kwa muda mrefu huchoka, na akichoka hupanua miguu kutafuta ukuta wa kuegemea.

Trela ikianza kuyumba

Kuyumba huanza kidogo: mkia wa trela unaenda kulia, kisha kushoto. Chanzo kinaweza kuwa mwendo mkali, upepo wa lori, gurudumu lenye upepo mdogo, au mzigo uliokaa vibaya. Kosa la kawaida ni kukanyaga breki kwa nguvu au kuzungusha usukani kuifuata trela. Yote mawili huongeza kuyumba. Linalofaa ni kuondoa mguu kwenye mafuta, kushika usukani ukiwa umenyooka, na kuacha mwendo upungue wenyewe. Baada ya hapo dereva asimame mahali salama na kutafuta chanzo kabla ya kuendelea.

Gari likiharibika au ajali ikitokea

Dereva asogee kando kadiri awezavyo, awashe taa za tahadhari, na kuweka pembe tatu mbali vya kutosha nyuma ya trela. Farasi abaki ndani. Hata kama anapiga kelele, mnyama aliye ndani ya trela ni salama kuliko aliye huru kwenye Ngong Road. Hali inayobadilisha kanuni hii ni moto, au hatari nyingine inayoifikia trela yenyewe.

Polisi wapigiwe kwa 999 au 112, kisha daktari wa mifugo. Nambari ya daktari iwe imeandikwa kwenye karatasi ndani ya gari, kwani simu huzima na dereva huweza kuumia. Umati ukikusanyika, mtu mmoja apewe kazi ya kuwaomba watu wakae mbali na wanyamaze. Kelele na simu za kupiga picha humzidishia farasi hofu.

Kwa madereva wengine

Trela ya farasi inayokwenda polepole haifanyi dharau. Anayeifuata akae mbali na asipige honi. Anayeipita aipite kwa nafasi, na asirudi mbele yake kwa ghafla. Mita chache zilizo wazi mbele ya trela hiyo ndizo breki zake.

Farasi akionekana huru barabarani, magari yasimame, taa kali zizimwe, na asiwepo wa kumkimbiza. Farasi anayekimbizwa hukimbia kuelekea popote, hata kuelekea kioo cha gari.

Maswali ya kujipima

1. Farasi mmoja katika trela ya wawili hukaa upande gani, na kwa nini? (Kulia, kwa sababu barabara huinama kuelekea kushoto.)

2. Nafasi ya kuacha mbele ni sekunde ngapi? (Nne au zaidi.)

3. Matatu ikiingia kwenye nafasi hiyo, dereva hufanya nini? (Hulegeza mwendo na kuitengeneza upya.)

4. Trela ikiyumba, mguu uende wapi? (Utoke kwenye mafuta, wala usikanyage breki kwa nguvu.)

5. Wakati wa kushusha, kinachofunguliwa kwanza ni kipi? (Kamba ya kichwa, kisha chuma au mnyororo wa nyuma.)

Anayeanza kuvuta trela afanye mazoezi ikiwa tupu, katika uwanja mpana, mpaka aweze kurudi nyuma kwa mstari ulionyooka na kusimama bila kikombe cha maji kumwagika sakafuni mwa trela. Siku atakayoliweza hilo, yuko tayari kumbeba farasi.